Masale Niliyoyaacha Nje ya Picha

Nilipoanza kujifunza kuchora nilikuwa nimepita miaka arobaini, umri ambao kwetu pwani mtu hutarajiwa awe amekwisha kujua alichokuja kufanya duniani. Mimi nilijua kazi mbili: kuandika maneno ya watu wengine, na kuyatilia shaka baada ya kuyaandika. Nilikuwa karani katika boma la Wajerumani pale Arusha, miaka michache kabla ya vita yao kubwa. Kabla ya hapo nilikaa miaka mitatu Berlin, chuo kikuu, nikiwafundisha Kiswahili vijana waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Walipenda zaidi maneno ya kuamuru. Nikawafundisha "njoo", "lete" na "upesi", na kwa fadhila hiyo nikaruhusiwa kukaa benchi la nyuma kusikiliza mihadhara yoyote niliyotaka. Nilisikiliza ya historia na ya sarufi, na mmoja juu ya picha za kale, ambao niliusinzia karibu wote kwa sababu ndani kulikuwa na joto na nje theluji inaanguka. Nikarudi na cheti chenye mhuri. Arusha hakuna aliyewahi kuniomba nimwonyeshe.

Aliyeniingiza katika kuchora ni mpima ardhi wa boma, mzungu mrefu, mkimya, mwenye ndevu za rangi ya mahindi makavu. Siku moja shauri la mbuzi lilikuwa refu, nami, badala ya kuandika, nilikuwa nachora pua ya bwana mkubwa wa boma pembeni mwa daftari la serikali. Nikahisi mtu kasimama nyuma yangu.

"Pua umeirefusha mno," alisema yule mpima, kwa sauti ya chini.

Nikangoja amwite askari. Hakumwita. Akaniuliza kama Jumapili nina kazi.

Nilipomsimulia mke wangu, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Anataka nini?"

"Anataka kunifundisha kuchora."

"Nimekuuliza anataka nini."

"Mama watoto, watu hufundishana tu. Huko Ulaya ni jambo la kawaida."

"Wewe uliwafundisha Kiswahili. Wamekifanyia nini?"

Nikaondoka na hadhi ya msomi, yaani nikijikwaa kizingitini. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa na shaka ile ile. Lakini kabla yake hakuna mtu aliyewahi kutazama mchoro wangu na kuona kitu cha kurekebisha. Wengine wote waliona kitu cha kuficha.

Msimu ule nilipelekwa niwe mkalimani katika kambi yake, upande wa Wameru, mwendo wa kama saa mbili kutoka bomani ukifuata njia ya kwenda Kikatiti kisha ukapanda kushoto, mlimani. Jumatatu mpaka Jumamosi alipima. Watu walivuta mnyororo wa chuma kati ya migomba, wakasimika vigingi, yeye akataja hesabu, mimi nikawaeleza wenye mashamba kwamba hakuna ubaya wowote. Nililisema neno hilo mara nyingi kwa siku hata likawa kama kikohozi. Kila mtu alijua kuna walowezi wanaotafuta mashamba, na kila mtu alijua serikali imesema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali yake. Hakuna aliyejua mwenyewe anathibitishwaje.

Jumapili tulichora. Alinipa kalamu ya risasi, karatasi nene, na kisanduku cha bati chenye rangi za maji, kila rangi imekaa chumbani mwake kama kipande cha sabuni. Somo la kwanza lilikuwa kupima kwa jicho: unanyoosha mkono, unaishika kalamu wima, unafumba jicho moja, unatelezesha kidole gumba mpaka urefu wa mti uenee juu ya kalamu. Nililipenda sana somo lile. Nilipima migomba, nikapima nyumba za msonge, nikapima kilele cha Meru nikakuta ni kifupi kuliko kucha yangu, jambo lililonifurahisha kupita kiasi.

Sikufikiri ninavyoonekana kwa wengine. Mtu wa boma, amesimama kwenye kilima, mkono umenyooka kuelekea nyumba ya mtu, jicho moja limefumbwa. Ndivyo hasa mpima alivyosimama nyuma ya chombo chake cha kupimia siku sita za juma. Kila nilikoelekeza kalamu, mlango ulifungwa. Mbuzi waliondolewa. Nilidhani Wameru ni watu wenye haya.

Mwenye nyumba niliyoipenda kuliko zote alinitoa ujinga huo. Alikuwa mjane, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, mwenye kutembea haraka. Kiswahili alikipata kwa kuiuzia misafara ndizi tangu ujana wake, nacho kilikuwa Kiswahili cha kukatalia bei. Akaja hadi niliposimama, panga mkononi, si la kunitishia, alikuwa akikata majani ya ng'ombe, ila hakuliweka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unapima nini?"

"Sipimi, mama. Nachora."

"Bwana wako naye alisema hapimi, anatazama tu. Kesho yake akaja na mnyororo."

"Huu si mnyororo. Ni kalamu."

"Mnyororo nauona mwanzo na nauona mwisho. Hiyo kalamu yako inafika wapi?"

Nikamwonyesha karatasi. Aliitazama kwanza upande wa nyuma, akihakikisha hakuna kitu kilichofichwa, ndipo akaigeuza. Siku ile hapakuwa na mengi: mistari ya migomba na kitu kilichokusudiwa kuwa ng'ombe.

"Huyu mgonjwa?" aliuliza.

"Ni ng'ombe wako, mama."

"Basi umemchora baada ya kufa."

Hakucheka, lakini hakunifukuza. Jumapili iliyofuata nikarudi, na iliyofuata. Alinitazama akiwa mbali, akifanya kazi zake. Kama niliinua mkono kupima, naye aliinua kichwa.

Shamba lake lilishuka kutoka mfereji wa maji hadi karibu na kijito. Juu kulikuwa na migomba na nyumba. Chini, penye unyevu, magimbi. Na ubavuni, kutoka mferejini hadi kwenye jiwe kubwa kando ya kijito, palisimama safu ya masale, ile mimea mirefu ya majani mabichi kama panga, inayopandwa huku kuweka mpaka. Baba mkwe wake ndiye aliyeyapanda. Ng'ambo ya safu ile kulikuwa na malisho, na malisho yale mlowezi mmoja alikuwa ameanza kuyachungia ng'ombe wake, akisubiri karatasi za serikali. Yule mama hakuwa na karatasi. Alikuwa na masale. Aliniambia hivyo hivyo, mara mbili, akiamini kwamba mtu wa boma lazima arudiwe maneno.

Jumapili ya sita au ya saba mkono wangu ukakubali. Sijui kwa nini. Mwanga ulikuwa nyuma ya migomba, na kijani chake nilikipata kwa kuchanganya manjano na buluu kisha tone la nyekundu, jambo ambalo hadi leo siliamini hata nikiliona. Moshi ukatoka juu ya paa la msonge bila mimi kuulazimisha. Nilikuwa nimefika kwenye masale wakati mpima alipokuja akasimama nyuma yangu, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Hapa mbele pana ukuta," alisema. "Jicho linagonga hapa, haliingii ndani. Ondoa."

"Lakini masale yapo, bwana."

"Mchoraji si mpima. Mimi Jumatatu hadi Jumamosi sina ruhusa ya kuondoa hata jiwe. Jumapili nikitaka naondoa mlima."

Alipokuwa akisema hayo hakuitazama karatasi. Alitazama chini, kuelekea malisho. Huenda alitazama ng'ombe. Nimeyarudia macho yale mara nyingi sana akilini, nikayageuza kama yule mama alivyoigeuza karatasi, wala sijapata kilichofichwa nyuma.

Nikaondoa. Mahali pa masale nikatia majani mepesi yanayoshuka hadi chini, na kweli picha ikafunguka, kama mtu aliyevua koti. Nilifurahi kiasi cha kutia sahihi yangu pembeni. Chini ya sahihi nikaandika cheo changu, karani wa serikali, na chini ya cheo nikaandika siku na mwezi, kwa mwandiko ule ule wa madaftari ya boma. Nilikuwa nimewaona wachoraji wa Berlin wakitia majina yao. Hao hawakuwa makarani.

Yule mama alikuja kuiona.

"Nyumba ni yangu," alisema taratibu. "Migomba ni yangu. Moshi wangu. Masale yako wapi?"

"Mama, picha ina uhuru wake. Masale yalikuwa yanaziba..."

"Yanaziba nini?"

"Jicho."

"Jicho la nani?"

Nikamweleza. Nilizungumza kama wale maprofesa niliowasinzia, juu ya mwanga na umbali na jinsi mtu anavyoalikwa kuingia katika picha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi sikumwalika mtu aingie hapo. Yarudishe."

"Rangi ikikauka, mama, nitayarudisha."

Rangi ilikauka kabla sijafika kambini. Sikuyarudisha. Mpima aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akasema ni nzuri, akauliza kama anaweza kukaa nayo. Mtu aliyeishi miaka arobaini na kitu bila kuambiwa kwamba amefanya kitu kizuri hawezi kujibu swali kama lile kwa busara. Nikampa.

Mvua za masika zikapita. Tukarudi bomani. Siku moja ya mashauri nilifungua daftari, nikachovya kalamu, nikainua kichwa kuona nani wa kwanza, nikamwona yule mama amesimama mbele ya meza. Kando yake alisimama mlowezi, kofia mkononi. Mpima alikaa kwenye kiti nyuma ya bwana mkubwa.

Bwana mkubwa aliendesha mashauri mwenyewe, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama fimbo. Malalamiko ya yule mama yalikuwa mafupi. Masale yake yalikuwa yameng'olewa, safu nzima, na vigingi vya mlowezi sasa vilikuwa vimesimikwa ndani zaidi, katikati ya migomba yake. Mlowezi akasema hapakuwahi kuwa na masale. Labda ng'ombe walikanyaga mmea mmoja au miwili. Mpaka haukuwapo.

"Mashahidi wako?" bwana mkubwa akamuuliza yule mama.

"Majirani wote."

"Majirani wote ni ndugu wa marehemu mumeo. Ndugu wataapa chochote."

Ndipo mlowezi akafungua bahasha pana, akatoa picha yangu. Alikuwa ameitundika sebuleni kwake, alisema. Zawadi kutoka kwa rafiki. Akaiweka mezani kwa heshima. Ilipendeza hata nilipoitazama ikiwa juu chini.

"Karani," alisema bwana mkubwa. "Nani amechora hii?"

"Mimi, bwana mkubwa."

"Sahihi yako?"

"Yangu."

"Siku hii ulikuwa mahali hapa, na macho yako mawili?"

"Moja nilikuwa nimelifumba, bwana mkubwa."

Askari mlangoni alicheka, akanyamaza ghafla. Mimi sikuwa nimekusudia mzaha. Hofu hunifanya niwe mkweli katika mambo madogo.

"Ulichora ulichokiona?"

Nitaeleza hali ilivyokuwa, maana baadaye watu wameniambia ilikuwa rahisi. Nikisema ndiyo, mwanamke yule anapoteza shamba la chini lote na nusu ya migomba yake. Nikisema hapana, karani wa serikali ameandika uongo, akautilia sahihi, cheo na tarehe, na kwa kosa kama hilo boma letu lilikuwa na dawa moja, hamsa wa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, mbele ya watu, na kiboko kilikuwa kimetundikwa pale ukutani mbele ya macho yangu. Juu ya hayo, mimi ndiye niliyekuwa nikiandika shauri. Swali nilikuwa nimekwisha kuliandika. Chini yake palikuwa wazi, pananisubiri.

Yule mama hakunitazama kwa kuniomba. Alinitazama kama mtu anayengoja kuthibitishiwa jambo alilolijua tangu mwanzo.

"Nilichora uongo, bwana mkubwa," nilisema, nikaandika hivyo hivyo. "Masale yalikuwapo. Kutoka mferejini hadi kwenye jiwe. Niliyaacha nje ili picha ipendeze."

"Ili nini?"

"Ipendeze."

Mlowezi akasema waziwazi kwamba nimehongwa ndizi.

"Ndizi?" yule mama aliruka. "Nimpe huyu ndizi? Hata maji sijampa! Tangu aje kwangu amesimama juani, na angesimama mpaka akauke!"

Nadhani ushahidi ule ulinisaidia kuliko wangu. Bwana mkubwa alimgeukia mpima, akamuuliza kwa Kijerumani kama ndivyo alivyofundisha. Mpima alijibu kwa utulivu kwamba somo analikumbuka. Masale hayakumbuki. Ramani yake, alisema, haionyeshi mimea.

"Kesho tutakwenda kutazama," alisema bwana mkubwa. "Na majembe."

Tulikwenda. Kwa macho hapakuwa na kitu, majani mapya tu yameota. Yule mama hakubishana na mtu. Alitembea hadi ukingoni mwa mfereji, akaweka kisigino chini, akasema, "Hapa." Askari akachimba. Hakufika mbali, jembe likatoa kipande cha mzizi, na mzizi ule ulikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva. Hakuna mmea mwingine pale wenye mzizi kama huo. Akapiga hatua, akasema, "Hapa," na hapo tena rangi ile ile. Tulishuka hivyo, hatua kwa hatua, bwana mkubwa akiinama kila mara, mimi nikiandika nimesimama. Katika kisanduku changu kizima cha rangi hakukuwa na rangi ile.

Tulipofika kwenye magimbi, mizizi ikaisha. Upande huo udongo ulikuwa umelimwa kwa plau ya maksai, ukageuzwa mara mbili tatu. Yule mama akasema, "Hapa," askari akachimba, ikatoka udongo mtupu. Akasema tena. Udongo. Akaendelea hadi kwenye jiwe, sauti ile ile, na kila mara udongo.

Uamuzi ulisomwa pale pale. Penye mizizi, mpaka ni wa mama. Pasipo mizizi, serikali haiwezi kujua. Kipande cha magimbi, na kijito pamoja nacho, kikaenda kwa mlowezi. Picha moja yenye mistari michache ya kijani mahali pake ingekiokoa, na bwana mkubwa, ambaye hakuwa mjinga, alinitazama alipokuwa akisoma sehemu hiyo.

Sikupigwa. Niliondolewa kwenye meza ya mashauri, nikapelekwa ghala la majembe na mbegu, ambako, alisema bwana mkubwa, vitu haviwezi kupendezeshwa. Mke wangu alisema tu, "Sasa umejua alichotaka." Lakini sikujua. Siku moja nilimkuta mpima akifunga mizigo yake kwa safari nyingine, nikakusanya ujasiri.

"Bwana, ulijua?"

Alikaza kwanza kamba ya mzigo mmoja.

"Nilikuambia mchoraji ana uhuru," alisema. "Sikukuambia uandike tarehe."

Kilichoniudhi ni kwamba ilikuwa kweli. Alininyooshea mkono wa kuniaga. Niliushika, kisha nikahesabu vidole vyangu, kuona kama vyote vimerudi.

Wiki chache baada ya hapo yule mama alinitumia salamu kwa mwanamke mmoja aliyeshuka sokoni: nije Jumamosi asubuhi. Nilifanya makosa ya kufurahi. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa Wameru anayeomba msamaha huja na jani la isale, mmea ule ule wa mpaka, na aliyeletewa jani hilo hawezi kumkataa mwombaji. Nilipofika karibu na kwake nikaona safu nzuri ya masale kando ya njia, nikavunja jani moja, nikaja nalo nimelishika kwa mikono miwili kama nilivyosikia.

Alilitazama jani, kisha akatazama njia niliyotoka.

"Umelitoa wapi?"

"Hapo chini, mama."

"Umevunja mpaka wa shemeji yangu."

Majirani walikuwa wamekusanyika, wazee wa ukoo na wanawake, na shemeji mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, mmoja akaniuliza kama nimekuja kuumaliza ukoo mzima. Yule mama hakucheka. Alilichukua jani kutoka mikononi mwangu, wala hakusema kama amelipokea au amelinyang'anya, akampa shemeji yake, kisha akaniita kando ya mfereji ambako miche ya masale ilikuwa imelazwa chini, mashimo tayari. Ilikuwa siku ya kupanda mpaka upya, pale mizizi ilipopatikana, na mpaka hupandwa mbele ya watu.

Nikatia mkono mfukoni. Kwa mazoea nilikuwa nimebeba kipande cha karatasi na kalamu.

"Usichore," alisema. "Tazama."

Akashusha mche wa kwanza shimoni, akaushindilia udongo kwa kisigino, akanigeukia mimi, si wazee.

"Umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Macho yote mawili?"

"Yote mawili."

Wazee nao walikuwa wakinitazama, wakitia akilini sura yangu na mahali niliposimama, ili siku moja waweze kusema kwamba karani wa boma naye alikuwapo. Nilielewa kwa nini nimeitwa. Hapakuwa na msamaha ndani yake, au kama ulikuwamo, haukuwa umeletwa kwa ajili yangu. Akaenda kwenye shimo la pili, akashindilia, akaniuliza. Nikajibu. Akaenda la tatu. Chini kule, kando ya kijito, ng'ombe wa mlowezi walikuwa wakila katikati ya magimbi, na yeye hakuwatazama hata mara moja. Kila mche alinigeukia, na kila mche alingoja mpaka niseme.